Tahadhari kwa wenye Vitz, Demio na March hapa Kisumu: laina za fenda za kuletewa nyumbani

Kama una gari dogo na unakaa Kisumu au vitongoji vyake, soma haya kabla hujamlipa mtu anayekufuata mpaka nyumbani kukufungia laina za fenda, yaani zile plastiki za juu ya gurudumu zinazokinga bodi dhidi ya matope na kokoto. Nimelipa shilingi 9,500, na Vitz yangu ikashika kutu mahali ambapo haikuwa nayo.

Laina zangu za mbele zilikuwa zimepasuka, za nyuma hazikuwapo. Naenda Ahero na kurudi karibu kila siku, na anayezijua njia za ndani za Kano wakati wa masika anaujua ule udongo mweusi: ukilowa unanata, ukikauka unakuwa tofali. Kwa hiyo haja ilikuwepo kweli, na muuzaji aliiona.

Alinikuta Kibuye. Akainama, akapapasa ndani ya fenda, akaniambia, "Mama, hii ni chumvi ya ziwa inakula gari. Ngoja miezi sita utaona mwanga ukipenya kwenye bati." Nikaogopa. Nilisahau jambo ambalo kila mtoto wa hapa analijua: Ziwa Victoria ni la maji baridi, yasiyo na chumvi ya bahari. Kutu ya huku huletwa na matope yanayokaa na unyevu kwenye mikunjo ya bati, pale kokoto zilipobambua rangi. Kama gari lako lina chumvi, huenda lilikuja nayo kutoka Japani, ambako barabara za sehemu zenye theluji hunyunyiziwa chumvi. Akikutajia chumvi ya ziwa, ondoka hapo hapo.

Jumamosi alikuja na kijana mmoja. Dakika arobaini, magurudumu yote manne yamekwisha. Hawakuosha kitu. Hawakupiga jeki. Walipaka lami juu ya matope makavu, wakapachika plastiki, wakatoboa bati kwa drili na kukaza skrubu. Niliuliza kwa nini wasitumie klipu kwenye matundu ya kiwandani. "Skrubu ndiyo imara, mama." Nikalipa kwa M-Pesa, naye akaahidi garantii ya miaka mitano, kwa mdomo tu.

Hizo skrubu ndizo zinazoniuma mpaka sasa. Tundu la kiwandani limepakwa rangi mpaka ukingoni, na klipu ya plastiki huingia bila kulikwaruza. Tundu la drili ni chuma kitupu, tena mahali panaporushiwa maji kila mvua inaponyesha. Hata unga wa chuma uliotoka kwenye drili hubaki mle ndani ukishika kutu wenyewe. Na lami iliyopakwa juu ya uchafu haishiki bati. Inafungia unyevu ndani, huku kwa nje unaona weusi unaong'aa na kuridhika. Kwangu walifunika hata vitundu vya chini vya kutolea maji.

Mwezi wa tano, laina ya mbele kushoto ilianza kusugua tairi nikikata kona. Karibu na Kondele ikang'oka na kujikunja kwenye gurudumu, nikiwa na watoto wawili kiti cha nyuma. Namshukuru Mungu nilikuwa mwendo wa polepole.

Nilimpigia muuzaji. Mara ya kwanza alisema anakuja. Mara ya pili yuko Busia. Kisha hakupatikana tena.

Fundi wa bodi, mzee mmoja mtulivu sana, alizifungua zote nne na kutoa matope ya kujaza karai. Kila tundu la skrubu lilikuwa na duara la kutu. Alinionyesha mgongo wa plastiki moja: mabaki ya maandishi ya pipa. Zilikatwa kwa kisu kutoka kwenye mapipa! Laina halisi, aliniambia, hukunjika na kurudi, mara nyingi ina alama ya PP (aina ya plastiki) na namba ya kipuri iliyochongwa, na ya kushoto haiwezi kukaa kulia. Alinishauri nitafute zilizotumika za modeli yangu kuliko mpya zinazosemekana kuingia gari lolote. Yeye ameosha, ameacha pakauke, amekwangua kwa brashi ya waya, amepaka praima na rangi, na vitundu vya maji ameviacha wazi. Ndiyo kwanza tunatafuta klipu.

Taarifa nimeandikisha polisi na nina namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituoni. Kama ulifungiwa laina nyumbani mwaka huu, toa gurudumu moja wiki hii uangalie. Ukikuta skrubu zimepita kwenye bati na lami juu ya matope, zifungue zote, piga picha kabla ya kuosha, na usifute ujumbe wa M-Pesa.