Tathmini: Nike Alphafly 3 na hoja ya jina la Kipchoge

Kiatu kilichoingia sokoni kwa dola 285 hakina budi kujieleza, na Nike Alphafly 3 kwa kawaida huelezwa kwa jina la mtu mmoja, Eliud Kipchoge, bingwa wa marathoni kutoka Kenya. Kwa hiyo hapa nitakipima kiatu chenyewe, kisha niipime na hoja hiyo ya jina, yaani kwamba viatu vya aina hii ndivyo vilivyomfanya Kipchoge kuwa bingwa, maana mnunuzi huuziwa vyote viwili kwa bei moja.

Alphafly 3, ambacho kiliingia sokoni Januari 2024, kimejengwa kwa tabaka nene la povu liitwalo ZoomX, jepesi na lenye kurudisha nguvu mguu unapokanyaga, na ndani ya povu hilo limelazwa bamba la nyuzi za kaboni linalofuata urefu wa wayo. Chini ya sehemu ya mbele kuna mifuko miwili ya hewa. Unene wa kisigino unagusa milimita 40, kikomo ambacho Shirikisho la Riadha Duniani liliwekea viatu vya mbio za barabarani mwanzoni mwa 2020, pamoja na sharti kwamba kiatu kisiwe na zaidi ya bamba moja. Badiliko kubwa liko kwenye soli. Katika matoleo mawili yaliyotangulia, kisigino na sehemu ya mbele vilitenganishwa na pengo, na mkimbiaji anayetua kwa kisigino aliweza kulihisi. Sasa soli imeunganishwa, na mguu unasonga kutoka kisigino hadi vidoleni bila kukatizwa. Kwangu mimi, hilo ndilo boresho linalostahili pesa.

Kasoro zipo. Kiatu kimebana katikati ya wayo, kiasi kwamba mwenye nyayo bapa anapaswa kukijaribu kabla ya kulipa, na urefu wake kutoka ardhini hukifanya kiyumbe kwenye kona kali na kwenye barabara yenye mawe. Tena ni kiatu kisichopenda uvivu: ukikimbia polepole, povu linazama tu na bamba halina cha kufanya.

Jambo hilo la kasi linahitaji kuangaliwa kwa makini. Utafiti maarufu wa Chuo Kikuu cha Colorado, uliochapishwa mwaka wa 2017 kuhusu Vaporfly, mtangulizi wa kiatu hiki, ulionyesha kwamba wakimbiaji walitumia nishati pungufu kwa wastani wa asilimia 4 wakilinganishwa na walipovaa viatu vingine vya mashindano. Utafiti huo uligharimiwa na Nike, jambo ambalo halikufichwa, na waliopimwa walikuwa wanaume wenye kasi kubwa. Anayemaliza marathoni kwa saa nne na nusu asijihesabie asilimia zilezile.

Sasa hoja ya jina. Mwaka wa 2003, jijini Paris, Kipchoge alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 kwa dakika 12:52.79, akiwa kijana wa miaka 18 aliyewapiku magwiji wa mbio Hicham El Guerrouj wa Morocco na Kenenisa Bekele wa Ethiopia katika fainali moja. Miguuni alikuwa na viatu vya misumari, vyembamba, visivyo na uhusiano wowote na povu linalozungumziwa leo. Vivyo hivyo kwa nishani ya shaba ya Olimpiki ya Athens 2004 na ya fedha ya Beijing 2008. Alipokosa nafasi katika kikosi cha Kenya cha London 2012 alihamia barabarani, na mwaka uliofuata akashinda marathoni yake ya kwanza, Hamburg, kwa saa 2:05:30. Kisha ikaja Berlin 2015, ambayo wauzaji wa viatu huitaja kwa nadra: soli za ndani za viatu vyake zilichomoka na kupepea nje ya visigino, naye akaendelea hivyo hadi mwisho na kushinda kwa saa 2:04:00. Mtu aliyeshinda Berlin na viatu vilivyoharibika njiani ni shahidi mgumu kwa yeyote anayetaka kumfanya zao la viatu.

Hata hivyo, itakuwa si haki kukataa kwamba viatu vilimsaidia. Muda wake bora hadi mwisho wa 2016 ulikuwa saa 2:03:05. Baada ya teknolojia hii kuja, alikimbia 2:01:39 Berlin mwaka wa 2018 na 2:01:09 hapo hapo mwaka wa 2022, achilia mbali ile 1:59:40 ya Vienna 2019, aliyoikimbia katika toleo la majaribio la Alphafly na ambayo haikuhesabiwa kuwa rekodi kwa sababu ya mpangilio wa wadhibiti kasi waliokuwa wakipokezana. Lakini washindani nao walipata viatu vya aina hiyo. Mjini Sapporo, katika Olimpiki ya mwaka wa 2021, hakuna aliyekuwa na siri ya kiatu, na bado Kipchoge alimwacha mshindi wa pili kwa dakika moja na sekunde 20.

Upande wa pili wa hesabu uko katika Alphafly 3 yenyewe. Marehemu Kelvin Kiptum aliweka rekodi ya dunia ya saa 2:00:35 mjini Chicago, Oktoba 2023, akiwa na toleo lake la majaribio. Mwaka wa 2024, kiatu kilipojaa madukani, Kipchoge alimaliza wa 10 Tokyo, kisha akaacha mbio za Olimpiki za Paris kwa maumivu ya mgongo, na dhahabu ikaenda kwa Tamirat Tola wa Ethiopia, mwanariadha wa Adidas.

Kwa hiyo kama unafanya mazoezi kwa utaratibu, unajua kasi yako na unawinda muda fulani katika nusu marathoni au marathoni, kinunue. Sijaona sababu ya kumzuia mtu wa namna hiyo. Kivae katika mazoezi machache ya kasi ili mguu ukizoee, kisha ukitunze kwa siku ya mashindano, kwa kuwa povu hili huchoka mapema kuliko la viatu vya kila siku. Anayeanza kukimbia atafute kwanza kiatu cha kawaida chenye soli imara, na tofauti ya bei aiweke kwa ajili ya kiatu cha pili, maana cha kwanza kitaisha.