Kompyuta ya Kazi za 3D kwa Mkazi wa Bagamoyo: Ipi Inunuliwe Kwanza

Kutazama umbo la pande tatu (3D), kulihuisha, yaani kulifanya lisogee kama katuni, na kulichapa liwe kitu cha kushikika ni kazi tatu zenye mahitaji tofauti, na anayeingia dukani bila kuzitenganisha huuziwa ama mashine kubwa asiyoihitaji ama ndogo itakayomkwamisha. Kulizungusha umbo kwenye skrini au kuliandaa kwa ajili ya printa ya 3D ni kazi nyepesi, lakini uhuishaji hula nguvu nyingi. Kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, kipande cha sekunde 10 kina picha 240. Kila picha ikichukua dakika 5 kukamilika, kompyuta itafanya kazi saa 20 mfululizo.

Kwa anayekusudia uhuishaji, nafasi ya kwanza naipa kompyuta ya mezani ya mtumba iliyoundwa kwa kazi nzito, kama HP Z440 au zile za Dell Precision, yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 16 au zaidi, diski ya SSD, na kadi ya grafiki ya Nvidia yenye kumbukumbu ya GB 6 kwenda juu. Vifaa vyake hubadilishwa kimoja kimoja, na kifuniko hufunguliwa kwa urahisi ili vumbi lipulizwe. Nasisitiza Nvidia kwa sababu, ingawa programu ya uhuishaji ya Blender, ambayo ni ya bure, hukubali kadi za kampuni nyingine pia, programu ya Meshroom huitegemea Nvidia inapogeuza picha za kamera kuwa umbo kamili. Anayetaka kuhifadhi nakshi za milango ya Mji Mkongwe kwa kutumia picha za simu atauona umuhimu wake mapema sana. Ongeza UPS (kifaa chenye betri ya akiba), umeme ukikatika upate muda wa kuhifadhi kazi na kuzima mashine.

Nafasi ya pili ni kompyuta mpakato ya michezo. Inamfaa mwanafunzi wa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) anayehama nayo kutoka darasani hadi nyumbani, na betri yake huokoa kazi umeme unapokatika. Hata hivyo, hupata joto haraka, na jina la kadi lisikudanganye: RTX 3060 ya mezani kwa kawaida ina GB 12, ilhali ya mpakato ina GB 6.

Ya tatu ni kompyuta mpakato ya kawaida isiyo na kadi ya grafiki ya ziada, yenye RAM ya GB 8. Kwa fundi anayetaka kuchapa tu, hii ndiyo ningemshauri anunue kabla ya zile mbili, kwa kuwa programu za Cura na PrusaSlicer, zinazokata umbo kuwa matabaka ya kuchapwa, hazidai nguvu nyingi, na fedha inayobaki itasaidia kununua printa. Kompyuta zilizojengwa ndani ya skrini yenyewe (all-in-one) naziweka mwisho, kwani nyingi haziruhusu kuongezewa kadi.

Kwa printa, Creality Ender-3, inayochapa umbo la hadi milimita 220 kwa 220 kwa 250, inatosha kuanzia. Tumia filamenti ya PLA, yaani uzi wa plastiki ambao printa huuyeyusha, lakini ihifadhi ndani ya chombo kisichopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika vya kufyonza unyevu, kwa maana unyevu wa pwani huingia ndani yake, na ikifika kwenye mdomo wa moto hutoa mlio wa kutokota na kuacha nyuzinyuzi kwenye kazi. Kitu kilichochapwa kwa PLA kisiachwe ndani ya gari juani, kwa kuwa hulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi.

Kabla ya kulipia mashine ya mtumba, nenda na faili ya Blender kwenye flashi na uiendeshe kwa robo saa ukisikiliza feni. Soma jina na kumbukumbu ya kadi ndani ya mashine kwa programu ya GPU-Z, wala usiamini stika iliyobandikwa nje. Kisha omba kifuniko kifunguliwe, ukague skrubu na matundu ya nyaya. Ukiona kutu, mashine hiyo imekwisha kuliwa na hewa ya chumvi, iache hata kama bei yake inavutia.