Ruta yangu "imeungua": uzoefu wangu na kijana wa kaunta

Kampuni siitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Kama uko Dodoma na unafikiria kufunga intaneti ya nyumbani kwao, neno langu la kwanza lilikuwa moja tu: usithubutu. Nimelipunguza makali kidogo, mtaona kwa nini, ila hasira bado ninayo.

Nakaa Nzuguni. Ruta yangu ni ile ya kuchomeka laini ndani, unalipia kifurushi cha mwezi, basi. Mwaka mzima na ushee haikunisumbua. Kikaja kile kipindi cha upepo, umeme unakatika na kurudi kama kuna mtoto anachezea swichi, nayo ruta ikaanza vituko. Asubuhi haina neno. Mchana nikiwa peke yangu na simu yangu, haina neno. Ikifika saa mbili usiku, binti yangu amefungua laptopu anamalizia kazi za chuo, mjukuu yuko kwenye katuni, mimi naongea kwa video na mwanangu aliyeko Mwanza, taa zote pu, zinazima. Sekunde chache zinaanza kuwaka tena moja moja: ya umeme, ya mtandao, ya waifai. Tunashukuru Mungu. Dakika tano, zinazima tena.

Nikapiga huduma kwa wateja. "Mama zima, subiri dakika moja, washa." Nimezima na kuwasha mpaka kidole kikaota sugu. Siku nyingine wakaniambia niiriseti, nichome pini kwenye kile kitundu cha nyuma nihesabu hadi kumi. Nikachukua sindano ya kushonea, nikachoma. Ikajirudisha kweli ilivyotoka kiwandani, na paswedi yetu ikapotea, ikawa ile ya kwenye kibandiko cha chini ambayo nusu ya herufi zimefutika. Jioni nzima tunabishana kama ile ni sifuri au O. Na usiku ikazima vilevile. Mtoto wa jirani akasema ni joto, tukaitoa juu ya friji tukaiweka dirishani. Vumbi la huku mnalijua. Ikawa inazima na vumbi lake.

Basi nikaitia kwenye kikapu pamoja na chaja yake, nikapanda daladala, nikashuka Jamatini.

Ofisini kwao nikamkuta kijana, tai imekaa vizuri, shikamoo hakuna. Mimi nimefundisha miaka 32, nimestaafu, mvi zinaonekana hata kwa asiyevaa miwani. "Eeh, bi mkubwa?" Macho yako kwenye simu yake. Nikameza. Nikamweleza kila kitu: asubuhi inafanya kazi, usiku tukiwa wengi inazima, inawaka yenyewe, inazima tena. Sasa hivi najua kwamba jibu lilikuwa humo humo kwenye maelezo yangu, lakini nani alikuwa anasikiliza? Akaichomeka ukutani. Ikawaka. Itaachaje kuwaka, saa nne asubuhi na hakuna hata mtu mmoja anayeitumia! Akaigeuza chini juu kama mtu anayekagua nanasi, akasema, "Hii imeungua. Mmeichezea."

Mmeichezea. Nikamuuliza imeunguaje na taa zinawaka? "Zinawaka, ila ndani imeungua. Mpya ni laki moja na thelathini."

Halafu akavuta droo achukue kalamu. Ile droo bado naiona. Chaja tupu. Nyeusi, nyeupe, nyaya zimesokotana kama tambi, nyingine hazijatolewa hata kwenye nailoni. Wakati ule sikuelewa nilichokuwa nakitazama. Akapata kalamu, akaisukuma droo kwa goti, ikafunga.

Nikatoa simu nilipe. Ndiyo, nilikuwa nalipa, nimechoka. Mtandao ukagoma. Mtandao wao, ndani ya ofisi yao, kaduara kanazunguka tu. "Jaribu tena bi mkubwa." Mara tatu. Nikasema ngoja nikatoe hela kwa wakala. Hiyo ndiyo huduma pekee ya maana niliyopata pale siku ile.

Njiani, karibu na soko la Majengo, kuna mafundi wamepanga meza nje chini ya miavuli. Mmoja, fulana imetoboka begani, akasema, "Shikamoo mama." Nilisimama kwa sababu ya hiyo shikamoo, si kwa kingine. Nikamweleza maneno yaleyale. Ruta hakuigusa. Akauliza, "Chaja yake unayo?"

Ilikuwa imeandikwa 12V 1A, yaani volti 12, ampea 1. Akaichomeka, akaweka mita, ikasoma 12 na pointi. Nikajua tumekwama. "Subiri mama, hapo haina mzigo. Tuipe kazi kwanza." Akaunganisha kitaa cha indiketa ya pikipiki. Kikawaka hafifu, kama kiberiti kinachokufa, na namba kwenye mita zikaporomoka mbele ya macho yangu: 11, 9, 7 na kitu. Akaipasua chaja kwa bisibisi. Ndani kuna kapasita, kidude kama pipa dogo. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa, hiki kilikuwa kimevimba kama andazi, na chini yake ute wa kahawia umekauka. Umeme wa kupanda na kushuka pamoja na joto ndivyo vinavyoziua, akasema. Mtu mmoja akitumia ruta, inakula umeme kidogo, chaja inamudu. Usiku tukijaa, inataka zaidi, chaja inalegea, ruta inazima. Ikishazima mzigo unapungua, chaja inapata nguvu, ruta inawaka. Ndiyo zile dakika tano zangu.

Akanipa nyingine ya 12V 2A, ya kamera za ulinzi, baada ya kuhakikisha kichwa cha waya wake kinaingia kwenye ruta na upande wa chanya uko katikati kama ya zamani. Nikaogopa, hiyo 2A si itaiunguza? "Hapana mama, ruta inachukua inachohitaji tu. Hatari ni volti zikizidi." Elfu kumi na mbili. Nikampa kumi na tano, akakataa katakata kubaki na chenji.

Ni wiki kadhaa sasa, haijazima hata mara moja. Kwa hiyo ile "usithubutu" naifuta. Ruta ni nzima, na kusema kweli mtandao wao ndio unaoshika kuliko yote niliyojaribu huku Nzuguni, hadi chumba cha nyuma. Nilikuwa tayari kuwapa nyota nne.

Ila nilirudi. Nilikuwa na shughuli mjini, nikaona nipite nimwoneshe yule kijana ile chaja iliyopasuliwa, kwa nia njema kabisa, asije akamwambia mwingine habari za kuungua. Akaitupia jicho. "Aah, hizi chaja. Hizi zinasumbua sana, watu wengi wanazirudisha."

Alijua! Droo iko pale pale mbele ya tumbo lake, angevuta moja, achomeke, nimwambie ahsante mwanangu. Alikuwa tayari nitoe laki moja na thelathini, hela ya mstaafu, kuliko kuinamisha mkono. Nyota nne nazirudisha kwangu zote. Nikamwambia basi nifidieni siku 11 za kifurushi ambazo sikutumia. Akasema suala hilo nipige simu.

Nimepiga. Nimeweka spika hapa mezani naandika haya, dakika ya 23 sasa, muziki unalia, na kila baada ya kitambo dada mmoja ananiambia simu yangu ni muhimu sana kwao.