Bodaboda wangu na kibendera cha kona

Naandika hasira bado haijashuka, kwa hiyo nikiropoka mnisamehe.

Juzi kati hapa, saa sita na nusu usiku, nyumba nzima imelala, Pasua yote hapa Moshi kimya isipokuwa mbwa na mvua juu ya bati, timu yangu ya kwenye mchezo wa kompyuta ilikuwa inaongoza moja bila. Ugenini. Mechi ya mwisho ya msimu. Tukishinda tunapanda daraja, tukitoka sare tunabaki pale pale. Dakika ya 89 wapinzani wakapata kona, wakaja wote mpaka mabeki wa kati, nyuma wakaacha mtu mmoja. Kipa wangu akadaka.

Nilisimama. Kiti cha plastiki kikaanguka, mama watoto akauliza toka chumbani, "Baba, kuna nini huko?" Nikamjibu, "Kona." Sikuwa na muda wa kueleza, maana hiyo ndiyo picha niliyoisubiri msimu mzima: wao wote wako kwetu, kwao ni peupe, na winga wangu wa kulia, namba 7, anasubiri karibu na mstari wa kati.

Huyo namba 7 jina lake halisi linanishinda kutamka, mimi namwita Bodaboda. Ana mbio za hatari na haangalii pembeni. Kipa akamrushia, akaondoka. Kompyuta yangu ni ya siku nyingi, haina nguvu ya kuonyesha wachezaji kama watu, kwa hiyo nacheza na vidoti unavyoviona toka juu. Basi kidoti kimoja cha njano kinachanja mbuga, vingine viwili vyangu vinakuja kushoto kwake, na kidoti kimoja chekundu kinarudi kinyumenyume hakijui kimkabe nani. Watatu kwa mmoja. Mtoto wa darasa la tatu anajua cha kufanya hapo.

Kidoti kikakunja kulia. Kikaenda mpaka kwenye kibendera cha kona, kikasimama. Kinatetemeka pale kama mtu aliyeangusha shilingi mia kwenye majani. Wenzake wameshaingia kwenye boksi, wamesimama, wanamtazama. Wekundu wakarudi mmoja, wakarudi wawili, wakawa wanne. Ndipo Bodaboda akageuka na kupiga pasi ndefu ya nyuma kwa kiungo mkabaji ambaye hata hakuwa anaitegemea. Mpira ukanaswa. Dakika ya 92, moja moja.

Nikafunga kifuniko cha kompyuta bila hata kuizima. Umeme haukukatika siku hiyo, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie huku nilitamani ukatike.

Hukumu yangu kwa mchezo huu usiku ule ilikuwa nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haiwekwi. Mchezo wenyewe siutaji, sina haja ya kuwapigia watu debe bure. Ni hii michezo ya kuendesha timu: unasajili, unapanga kikosi, unatoa maelekezo, halafu unakaa pembeni kama kocha na presha yako. Kubonyeza mpira mwenyewe hakuna. Ndiyo maana unauma. Ukifungwa kwenye ile ya kushika pedi unasema kidole kiliteleza. Huku unasema nini?

Sasa mimi na mpira wa kumiliki hatujawahi kuelewana. Nimekulia kwenye vibanda umiza vya Majengo, na kilichoniharibu kabisa ni timu ya Leicester ya Uingereza, msimu wa 2015/16. Mnawakumbuka. Wanawaachia wenzao mpira wauchezee mpaka wachoke, Kanté ananyang'anya, Mahrez anainua kichwa mara moja, Vardy ameshaondoka. Siku walipokwenda kumpiga Manchester City 3-1 kwake, pale kibandani watu wasiojua Leicester iko upande gani wa Uingereza walikuwa wamebebana. Wakachukua ubingwa kwa pointi 81, msimu mzima wamepoteza mechi tatu tu. Nikaapa siku nikipewa timu, nitacheza hivyo hivyo.

Nikajipa timu ya daraja la nne Uingereza, haina hela, imetabiriwa kushika mkia. Nikashusha mstari wa ulinzi, nikaagiza tusikabe mpaka wavuke nusu ya uwanja, kipa akidaka asikae na mpira, tukinyang'anya tu twende mbele, pasi zipigwe kwenye nafasi na si miguuni. Mpaka Krismasi nilikuwa mfalme. Kila timu ilikuja na kiherehere kwa kuwa sisi ni dhaifu, mabeki wao wa pembeni wanapanda kama wanakwenda sokoni Mbuyuni, na nyuma yao Bodaboda anajipitia. Mechi moja tulishinda nne bila huku mpira tukiwa tumeushika theluthi tu ya muda. Nilipiga picha kioo nikamtumia kila mtu.

Baada ya dirisha dogo la usajili mambo yakabadilika. Tulikuwa wa pili kwenye msimamo, na ghafla timu zikaanza kuja kwetu na kupaki basi. Watu kumi nyuma ya mpira. Mpira wanatuachia sisi! Sasa mpira naufanyia nini? Nilikuwa kama mtu aliyezoea kudandia daladala, leo kapewa usukani. Sare, sare, tumefungwa, sare. Kocha msaidizi wa mle ndani kila mapumziko ananiambia wachezaji wanaonekana kukosa ari. Na wewe umekosa kazi.

Hapo nilitaka kuushusha mchezo nyota kabisa, nikasema umepangwa, ukifanikiwa wanakuvuruga kwa makusudi. Halafu nikiwa kwenye foleni ya benki nikawakumbuka tena Leicester, safari hii msimu uliofuata. Kanté ameshaondoka kwenda Chelsea, timu zimewajua, hakuna tena anayewafuata kichwa kichwa. Wakamaliza wa 12. Kocha wao Ranieri mwenyewe alifukuzwa Februari 2017, hata mwaka haujapita tangu abebe kombe. Kwa hiyo mchezo haukudanganya. Kaunta, yaani kushambulia kwa kushtukiza mpinzani akiwa amepanda, haikai kwenye kitufe ulichobonyeza, iko kwenye miguu ya mpinzani: akija, unayo, asipokuja, una mabeki wazuri wanaopasiana wao kwa wao. Nikajirekebisha. Mechi za nyumbani nikapandisha mstari, nikamweka straika mrefu wa kupigiwa krosi, kaunta nikaibakiza kwa za ugenini. Tukafufuka, ndiyo tukafika hiyo mechi ya mwisho. Nyota nikapandisha mpaka tatu na nusu.

Halafu akaenda kwenye kibendera.

Asubuhi yake shemeji alikuwepo. Ni mdogo wake mke wangu, anasoma chuo hapa mjini, na ndiye aliyeniwekea huu mchezo kwenye kompyuta. Yeye Yanga, mimi Simba, kwa hiyo tunaheshimiana kwa mbali. Nikamweleza yote, kona, vidoti, watatu kwa mmoja, huku yeye anakunywa mtori taratibu. Nilipomaliza akafungua kompyuta. Kumbe usiku ilikuwa imelala tu, mechi ipo pale pale imesimama, dakika ya 92, moja moja. Akaweka bakuli chini, akaingia kwenye maelekezo ya timu.

"Shem, dakika ya 80 ulibonyeza nini?"

"Sijabonyeza kitu."

"Hapa pako kwenye kupoteza muda. Mpaka mwisho kabisa."

Nikanyamaza.

"Sasa si ndiyo maana kaenda konani? Si umemtuma wewe?"

Akacheka. Akacheka mpaka mtori ukampalia, na mke wangu akatoka jikoni kuja kumpiga mgongo, akaelezwa, naye akacheka, ingawa kona na penati ni kitu kimoja kwake. Mtu anakunywa mtori wangu, kwenye kiti changu, ananicheka. Nilitoka nje nikaangalia mlima. Ulikuwa umejifunika mawingu.

Sasa ngoja nijitetee. Ni kweli, nilibonyeza. Tunaongoza, mkono unatetemeka, ukaona kile kitufe, ukasema tujilinde. Lakini nilisema tupoteze muda, sikusema tupoteze akili! Ukimwambia mtoto asitoke nje mpaka urudi, nyumba ikashika moto, si atatoka? Hapo ndipo nasema huu mchezo una walakini. Maelekezo mawili yanayogombana, moja la kukimbia na moja la kuchelewesha, unayapokea yote bila hata kukuuliza bosi una uhakika. Yule kocha msaidizi mwenye mdomo wa ari kila mapumziko, siku hiyo alikuwa wapi?

Shemeji ana jibu la hilo pia. Akanifungulia ukurasa wa Bodaboda. Kila uwezo huko unapimwa kwa 20. Mbio 17. Maamuzi 6. Utulivu 7. "Ulisajili miguu, shem," akasema. Na ni kweli dirisha la usajili lilipofunguliwa nilipanga orodha kwa mbio tu, nikachukua wa juu, safu nyingine sikuziangalia. Mahrez hakuwa mwenye mbio kuliko wote pale Leicester. Aliinua kichwa. Kwa anayetaka kuanza kaunta, hilo nampa bure: wa kukimbia muweke mbele, ila anayemlisha awe na maamuzi ya juu, na ukishaanza kuongoza usiguse kile kitufe cha muda.

Kwa hiyo nyota ngapi? Jana nilisema nne. Leo asubuhi nimekumbuka ile pasi ya nyuma nikashusha mbili, kwa sababu hata kama nilimtuma konani, pasi ya nyuma sikumtuma. Hiyo ni yake. Na hata sita kwenye ishirini haishuki hivyo. Mpaka jioni sijui.

Shemeji anasema nirudie faili la kabla ya mechi, mchezo huwa unajihifadhi wenyewe, nicheze upya. Nimemwambia huo ni wizi wa mtihani, na kwamba watu wa Yanga ndivyo walivyolelewa. Kompyuta iko hapa mezani, mechi bado imesimama. Tangu siku ile nafunga kifuniko na kufungua, sijaruhusu iendelee. Dakika za nyongeza ni nne, zimebaki mbili. Kupoteza muda nimetoa. Mstari nimepandisha. Nafasi ya kubadilisha mchezaji imebaki moja, na benchi kuna kijana wa miaka kumi na nane, mbio 12, maamuzi 14.

Bodaboda bado sijamtoa. Wao wakifunga la pili watarudi nyuma, lakini kwa moja moja nao wanataka ushindi, wataanza tena kuja wote. Na hakuna mwingine kwenye hii timu anayeweza kufika kule kabla yao.