Mashine ya kuchomelea yenye kipunguza volti: tathmini kutoka Igogo, Mwanza

Karakana yetu hutengeneza fremu za vizimba vya kufugia sato, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika ufukweni, fundi akiwa amepiga magoti juu ya mabomba yaliyolowa huku jasho likimtiririka. Mahali kama hapo mashine ya kawaida ni ya hatari hata isipochomelea, kwa kuwa holda, yaani kishikio cha rodi ya kuchomelea, hubaki na volti 60 hadi 80 wakati fundi anabadilisha rodi, na ngozi yenye maji hupitisha umeme kwa urahisi kuliko ngozi kavu. Ndiyo sababu tulinunua inveta, yaani mashine ya kuchomelea ya kielektroniki, ya ampea 200 yenye kipunguza volti, ambacho hushusha umeme wa holda mara moto unapokatika na kuurudisha pale tu rodi inapogusa chuma.

Kwa kazi hiyo naisifu bila kusita. Mita tuliyoweka kati ya holda na klampu inayobana chuma kinachochomelewa ilisoma volti 13. Mnunuzi adai kipimo hicho dukani kabla ya kulipa, maana herufi VRD (kifupi cha Kiingereza cha kipunguza volti) zilizochapwa ubavuni hazithibitishi lolote, na baadhi ya mashine zina swichi ya kukizima kipunguza volti chenyewe. Rodi huwa nzito kidogo kuwaka kwenye chuma chenye kutu. Vijana walipotaka kifaa kizimwe, niliwapa brashi ya waya wasugue kwanza.

Holda iliyokuja nayo sikuipenda hata kidogo: skrubu zake ziko wazi karibu na vidole. Tuliibadilisha kwa iliyofunikwa kote.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni imani kwamba mashine hii inatosha peke yake. Kipunguza volti hakigusi volti 230 zinazoingia kutoka kwenye soketi, na waya wa kuunganishia uliochubuka ukilala majini unaweza kuua vilevile. Sisi huipitisha kwenye kikata umeme cha miliampea 30, kinachozima umeme unapovuja, na glavu kavu za ngozi bado ni lazima. Bodi ya mashine, yaani ganda lake la nje, nayo huhitaji waya wake wa erthi kupitia plagi. Klampu inayobana chuma, ambayo mafundi wengi huitegemea kama erthi, hurudisha tu mkondo wa kuchomelea na haimkingi mtu bodi inapopata umeme.