Conversations: miaka mitatu nikichati kwa XMPP

Niliitafuta baada ya ile Jumatatu ya 4 Oktoba 2021, programu ya meseji tunayotumia wote ilipozima karibu saa sita. Mimi niko Tanga, mdogo wangu yuko Muscat, na nilikuwa nasubiri namba ya mzigo wake. Ikabidi apige simu ya kawaida, na bei yake mnaijua.

Conversations ni programu ya Android inayotumia XMPP, itifaki (kanuni za pamoja za programu kuwasiliana) iliyoanza mwaka 1999 kwa jina la Jabber. Anwani imekaa kama ya baruapepe: jina lako, alama ya @, kisha seva, yaani kompyuta inayopokea na kupeleka meseji zako. Seva yangu iko Ujerumani, mdogo wangu kajisajili kwingine kabisa, na tunachati kama mtu wa Airtel anavyompigia wa Vodacom. Namba ya simu sikuombwa. Play Store niliikuta inauzwa; F-Droid, duka la programu huria, nimeipata bure.

Meseji zinafika hata mtandao ukisuasua, na chaji haili. Simu inapigika, ila ya video kwa bando langu ni kukatikakatika tu. Ukiwasha OMEMO, njia ya kufunga meseji zisomwe na wahusika tu, mwenye seva hawezi kusoma mlichoandikiana, lakini anaona unaongea na nani, saa ngapi. Halafu ukibadilisha simu bila kuhifadhi nakala, meseji za zamani ndiyo basi. Nililipata hilo.

Kilichoniuma zaidi ni seva yangu ya kwanza. Ilikuwa ya watu wanaojitolea, wakachoka, wakafunga. Anwani ikafa nayo, nikaanza kuwatafuta watu mmoja mmoja kama niliyeibiwa simu. Sasa nimenunua kikoa (domain) changu mwenyewe, lile jina linalokaa baada ya @, seva nakodi. Wakinichosha nahamia kwa wengine na anwani ni ileile. Kampuni kubwa nazo hujitoa: Google Talk, huduma ya Google ya kuchati kwa XMPP, iliruhusu kuwasiliana na seva za nje tangu 2006, lakini Hangouts iliyokuja kuirithi mwaka 2013 haikuendelea na hilo. Waliokuwa kwenye seva nyingine za XMPP waliendelea kuongea wao kwa wao.

Shangazi ana iPhone, nikamwekea Monal, programu nyingine ya XMPP, na tunaelewana vizuri.

Mama ndiye hajahama. Anasema huko hamna status za watu, na kweli hamna.