TAHADHARI: Kishoka wa "cheti cha kodi" anawapiga wanaokwenda kazini nje, Mtwara mjini

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, hasa vijana mnaosubiri viza za Qatar na Oman, na nyie mnaovuka kwenda Palma, Msumbiji, someni hii kabla hamjatoa hela. Mimi nimeshalizwa 380,000, na hiyo hela ndiyo hasara ndogo.

Ni fundi wa kuchomelea. Julai 2024 nilipata mkataba Qatar, nikaacha kazi kwenye kampuni moja hapa hapa Mtwara. Huyo kishoka, yaani wakala feki, anakaa kwenye fremu ya steshenari karibu na soko kuu, shati limepigwa pasi, mezani mihuri mitatu, kila mtu kwake ni "kaka mkubwa" hata kama kamzidi miaka kumi. Akaniambia anayehama katikati ya mwaka lazima awe na "cheti cha kuondoka kikodi", la sivyo anarudishwa uwanja wa ndege Dar. Zilibaki siku sita nisafiri. Nikatoa 180,000.

Cheti kikaja jioni ile ile, kimechapwa kwa rangi na kulaminetiwa. Kimeandikwa "mwaka wa mapato 2024/2025". Sikushtuka. Mwaka wa kodi wa mtu binafsi unaanza Januari unaisha Desemba. Huo wa mkwaju (2024/2025) ni wa bajeti ya serikali! Na uwanja wa ndege walitazama pasipoti, viza na mkataba, nikapita. Cheti kilikuwa kwenye begi, hakuna aliyekitaka.

Sasa hapa ndipo alipo hatari, kwa sababu hesabu anaijua. Akachukua kikokotoo. Mshahara wangu 1,200,000, ukitoa 10% ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) inabaki 1,080,000, PAYE yake, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara kwenda TRA, mamlaka ya mapato, ni 152,000 kwa mwezi. Miezi sita nimekatwa 912,000. Kisha akapiga kwa mwaka mzima: ukiingiza 6,480,000 tu mwaka huo (1,080,000 mara miezi sita), kodi yake ni 288,000. "Kaka mkubwa, 624,000 yako imelala TRA, nikutolee?" Nikampa 200,000 ya "kufungua faili", nikampa TIN (namba yangu ya mlipakodi), nywila, na ile namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yangu. Niiteni mjinga, nimeshajiita mwenyewe.

Nimerudi likizo, nikaenda TRA kuulizia marejesho. Mama wa dirishani akatazama kompyuta, akanitazama mimi. "Mwanangu, mbona hapa una duka la vifaa vya ujenzi?" TIN yangu imegeuzwa kuwa ya biashara, ina makadirio ya kodi, na awamu zimepita bila kulipwa. Mtu anauza saruji kwa jina langu, mimi niko juani nachomelea mabomba Uarabuni.

Na yale marejesho? Mama yule akanieleza taratibu, sikuwahi kusikia popote. Ukikaa Tanzania siku 183 au zaidi ndani ya mwaka, wewe ni mkaazi kikodi mwaka huo. Mimi niliondoka Julai 18, siku ya 200. Na hata ningeondoka Machi, nyumba yangu ya kudumu iko Mikindani, bado ningehesabiwa. Mkaazi anahesabiwa mapato yake yote, ya hapa na ya nje. Kwa hiyo kishoka alipiga hesabu ya Januari hadi Juni, mshahara wa Qatar akauacha nje ya kikokotoo. Ukiuingiza, ile 624,000 inayeyuka, na kwa kuwa Qatar hawakati kodi kwenye mshahara, huenda mimi ndiye nadaiwa. Ritani yenyewe nilitakiwa niwasilishe ifikapo Juni 30 ya mwaka uliofuata. Wa Msumbiji, mkikatwa kodi kule tunzeni uthibitisho, maana iliyolipwa nje inaweza kupunguzwa kwenye ya huku.

Kwa hiyo: TIN ni bure. Hela ya serikali inalipwa kwa kontroo namba, haiendi kwenye namba ya simu ya mtu. Mimi nililipa kwenye namba iliyotokea jina la mwanamke, nikaambiwa ni "mhasibu wetu". Nywila usimpe mtu, hata kama ni shemeji yako. Na kabla hujaondoka, chukua kwa mwajiri salari slipu zako zote za mwaka huo. Mimi nazifukuzia sasa hivi na mtu wa rasilimali watu hapokei simu.

Fremu ile nilipopita juzi imefungwa, jirani anauza vocha anasema jamaa kahamia Lindi. Nimeshafungua RB (taarifa ya malalamiko) polisi. Kama na wewe ulilipa kwenye namba yenye jina la mwanamke, au umepewa cheti chenye mkwaju, njoo inboksi na picha ya muamala.